Tshibumba Kanda-Matulu: Historia mu picha, maneno mu kinywa

Mu nchi yetu, kila tunapozungumza juu ya hadithi za picha, zile vijana wanaita bede, majina yanayokuja kwanza ni ya mbali na Likasi. Tunasikia Kinshasa na gazeti lake Jeunes pour Jeunes, lililoanza mwaka wa 1968 na kumfanya Apolosa ajulikane na vijana wa mji. Tunasikia Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1959, aliyefika kutoa albamu zake ku nyumba kubwa za vitabu za Ufaransa. Wote wanastahili sifa. Lakini sisi wa miji ya shaba tuna mtu wetu aliyeieleza historia nzima ya nchi kwa picha moja nyuma ya nyingine, tangu wafalme wa zamani mpaka siku ambazo bado hazijafika. Hakuwa na mashine ya kuchapa wala karatasi nzuri. Alikuwa na nguo za mifuko ya unga, rangi, na Kiswahili chetu cha huku. Jina lake ni Tshibumba Kanda-Matulu.

Walioandika juu yake ku Ulaya na Marekani wamemwita mchoraji wa watu, na wengine wamemwita mwanahistoria, jina ambalo yeye mwenyewe alilipenda. Sisi tunapenda kuongeza la tatu: alikuwa msimulizi wa picha, ndugu wa wale wanaochora bede. Tunapomsoma hivyo, tunaona jambo ambalo ukuta wa makumbusho hauwezi kulionyesha. Nusu ya kazi yake haiko mu rangi, iko mu maneno, na maneno yale ni ya Kiswahili ambacho tunasema kila siku nyumbani, ku soko na ku kazi.

Mtu na wakati wake

Tshibumba alizaliwa mwaka wa 1947 ku Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Asili ya jamaa yake ni Waluba wa Kasai, sawa familia nyingi ambazo kazi ya reli na ya Union Minière ilizileta huku. Alipokuwa na miaka kama 13, aliona uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 tu nyuma ya pale, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Kisha vikaja vita na askari wa ONU, mwisho wa kujitenga mwezi wa Januari 1963, Mobutu kukamata utawala tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka wa 1971 nchi ikaitwa Zaïre. Katanga nayo ikapewa jina la Shaba. Mbele ya kutimiza miaka 25, mtu huyu alikuwa ameona bendera zaidi ya nne zikipandishwa mu mji ule ule. Tusishangae kama swali lililomsumbua lilikuwa hili: sisi ni nani, na tumefikaje hapa?

Wakati ule kazi ya tablo ilikuwa na soko mu miji yetu. Mchoraji alikuwa ananyoosha nguo ya mfuko wa unga juu ya miti minne, anachora, kisha anatembea nazo mkononi, mlango kwa mlango na mu mabaa, ku Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi. Wanunuzi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kampuni, walimu, makarani, watu wenye mshahara na salo ya kupamba. Tshibumba aliishi kazi ile.

Mwishoni mwa 1973 alifika na tablo zake ku mlango wa Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha ku kampasi ya Lubumbashi ya chuo kikuu cha taifa. Fabian alikuwa tayari akichunguza tablo za wachoraji wa huku na Kiswahili cha wafanyakazi. Tshibumba akamwambia kwamba yeye ana wazo kubwa kupita kuuza moja moja: anataka kuchora historia yote ya nchi. Kati ya 1973 na 1974 alimletea picha kwa mafungu, na kila fungu alilieleza kwa kinywa mbele ya mashine ya kunasa sauti. Mwisho zilifika picha 101. Kitabu cha Fabian juu ya kazi hii, Remembering the Present, yaani kukumbuka ya sasa, kilitoka ku Marekani mwaka wa 1996. Lakini mwenyewe hakukiona, angalau hatuna alama ya kuonyesha kwamba alikiona: tangu mwaka wa 1981 hivi, habari zake zilikatika kabisa.

Ukumbusho wa mu salo

Kusudi tufahamu kazi ya Tshibumba, inafaa kwanza tukumbuke tablo zilikuwa na kazi gani mu nyumba zetu. Wazee walikuwa wakizipanga kwa wakati: kuna vitu vya bwankale, kuna vitu vya zamani, kuna vitu vya sasa. Mu vitu vya bwankale utakuta kijiji, wawindaji, chifu na watu wake, Waarabu wakifunga watumwa minyororo. Mu vitu vya zamani utakuta Colonie Belge: bendera ya Ubelgiji juu ya ofisi, mfungwa amelazwa chini, polisi mweusi anampiga fimbo, muzungu amesimama anaangalia. Na mu vitu vya sasa kulikuwa Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye kuleta utajiri na hasara, ambaye karibu kila salo ilikuwa naye.

Neno lililokusanya zote lilikuwa ukumbusho. Tablo haikununuliwa juu ya uzuri peke yake. Ilinunuliwa ili ikumbushe, na kukumbusha kulihitaji mtu wa kusema. Mgeni anaingia, anakaa, macho yanapanda ukutani. Mtoto naye anauliza: "Nkambo, huyu anapigwa juu ya nini?" Basi muzee anaanza: alikosa kodi, ao alikataa kazi, na mimi mwenyewe niliona, na baba yangu alipigwa namna ile. Tablo ilikuwa mlango tu, na hadithi ilikuwa ndani ya nyumba. Ndiyo maana Colonie Belge moja, iliyochorwa na watu wengi kwa namna karibu moja, haikuchosha. Kila nyumba ilikuwa na maneno yake ya kuweka juu yake.

Ukilinganisha na bede, tofauti inaonekana haraka. Mu bede, mchoraji anaandika maneno ya watu wake ndani ya duara ndogo karibu na kinywa. Mu tablo ya salo, duara ile ni tupu, na mwenye nyumba njo anaijaza.

Mnyororo wa picha 101

Tshibumba alichukua desturi hii na kuipeleka mahali ambapo haikufika bado. Wenzake walikuwa na picha mbili tatu zinazouzika, wakazirudia. Yeye alitaka mnyororo, ambamo kila picha inavuta nyingine. Anaanza na wafalme wa zamani na kufika kwa Mreno Diogo Cão mbele ya mfalme wa Kongo. Anapitia Waarabu, Stanley, Leopold. Anasimama ku Bunkeya, mahali ambapo tarehe 20 Desemba 1891 Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akafa pia. Sisi wa Likasi, ambao Bunkeya si mbali kwetu, tunajua simulizi ya kichwa cha Msiri na maswali ambayo bado wazee wanauliza. Tshibumba hakuiacha nje eti ni maneno ya watu. Kwake, maneno ya watu njo historia.

Hapa kuna nguvu yake ya kwanza. Vitabu vya masomo vya wakoloni vilikuwa na mwanzo, mashujaa na tarehe zao. Tshibumba anatumia tarehe zile zile lakini anageuza macho ya mwenye kuangalia. Simon Kimbangu, aliyehukumiwa mwaka wa 1921 na kupelekwa gereza la Élisabethville alimofia mwaka wa 1951, anapata nafasi kubwa. Mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941 nao una nafasi yake, ule uliogusa Jadotville yetu pia na ambao, ku Lubumbashi, ulimalizika kwa askari kupiga risasi watu waliokusanyika ku kiwanja cha mupira. Nani alikuwa anafundisha habari ile mu masomo ya mwaka wa 1973? Watoto waliisikia kwa baba zao, kwa sauti ndogo.

Tena anaingiza Simba Bulaya, wale watu waliosemwa kwamba usiku wanavizia wapita njia ili kuwapeleka kwa Wazungu. Huku kwetu wengi wanasema batumbula. Mwanahistoria wa chuo kikuu angeuliza: je, ni kweli? Tshibumba anauliza kingine: je, watu waliogopa? Waliogopa, tena sana, na woga ule unaeleza utawala wa kikoloni kupita ripoti nyingi za ofisi. Picha ile peke yake ingeonekana hadithi ya kutisha watoto. Lakini ukiiweka mu mnyororo, karibu na fimbo na kodi na mgomo, unaona ni kipande cha jambo moja.

Ufundi wa hadithi za picha njo huu hasa. Kinachosema si picha peke yake tu, ni ile hatua kati ya picha na picha. Tshibumba hakusomea ufundi ule, lakini aliujua. Bendera ya Wabelgiji, ambayo mu Colonie Belge ni pambo la ofisi, inarudi mara nyingi ndani ya mfululizo wake, na kila ikirudi inazidi uzito, mpaka siku inaposhushwa.

Lumumba ku barabara yetu

Moyo wa mnyororo ni Lumumba. Tshibumba alimchora mara nyingi, ndani ya mfululizo wa Fabian na nje yake: akisema, akifungwa, akipigwa, akifa. Tablo inayojulikana zaidi ni ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Watatu wamelala, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, Lumumba ni sawa Yesu wa nchi hii, wawili waliokufa pamoja naye ni wale wa pembeni ya msalaba, na damu inayotoka ubavuni inaandika chini neno la umoja.

Wakosoaji wengine wanaona hapo imani ya kawaida ya mtu wa parokia. Sisi tunaona uamuzi wa msanii mwenye akili. Mwaka wa 1973 hakuna mtu wa kawaida aliyejua kwa hakika namna Lumumba alivyouawa. Maiti haikuonekana. Serikali ya Mobutu ilikuwa imemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka wa 1966, lakini kuuliza nani alimuua ilikuwa hatari. Mchoraji asiyekuwa na ushahidi angefanya nini? Tshibumba alitumia picha moja ambayo kila mtu aliyepita ku misa anaijua, na kwa njia ile akasema yote matatu: kwamba alikuwa hana kosa, kwamba alitolewa na watu wake, na kwamba jambo halijaisha.

Na kweli halikuisha. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji ulitoa ripoti yake mwaka wa 2001. Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino, kitu cha pekee kilichobaki cha mwili wake, na jeneza lilipitishwa pia ku Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Shilatembo iko upande wa barabara ambayo sisi tunapita kutoka Likasi kwenda Lubumbashi. Tablo ya Tshibumba ilikuwa imetangulia kwa miaka karibu 50.

Kifaransa ku nguo, Kiswahili mu kinywa

Angalia maandishi. Juu ya nguo, Tshibumba anaandika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, pengine na makosa: tarehe, jina la mtu, jina la tukio. Kifaransa kile ni sawa muhuri wa ofisi. Kinasema: hii ni karatasi ya kweli, si mchezo. Lakini alipofungua kinywa mbele ya mashine ya Fabian, alieleza kwa Kiswahili, kirefu, chenye vituko, maswali na kucheka, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake sawa tunavyosema sisi wote. Mambo ambayo hakuthubutu kuandika ku nguo aliyasema.

Basi kazi kamili ya Tshibumba ni picha pamoja na sauti. Mazungumzo yale yalitolewa kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, mu intaneti, tangu mwaka wa 1998. Yanafaa kusomwa karibu na maandishi mengine ya huku, yale ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya mji wa Élisabethville, yaliyoandikwa kwa ajili ya maboyi, wale waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili chetu ni kibovu, ni cha kambi, hakifai kitabu. Lakini watu hao wawili, bila ruhusa ya mtu, walikitumia kubeba historia ya nchi, na kikabeba.

Mahali ambapo hatukubaliani naye

Kumsifu peke yake si kumsoma. Kwanza, tusisahau kwamba mnyororo ulipata mnunuzi mmoja. Bila Fabian, sokoni Tshibumba angeendelea kuuza picha moja moja, na hakuna anayeweza kusema ni picha gani angechora kama mwenye kusikiliza angekuwa fundi wa Shituru ao mama wa soko, si profesa. Fabian mwenyewe haifichi shida hii mu kitabu chake.

Pili, wanawake ni wachache sana mu historia yake, na wakionekana, mara nyingi wanalia ao wanabeba chakula kwa wafungwa. Lakini miji hii haikujengwa na wanaume peke yao. Nani alilima mashamba ya pembeni wakati mshahara ulikuwa mdogo? Nani alishika nyumba wakati wa mgomo?

Tatu, kuna tarehe na majina ambayo hayalingani na vitabu. Hili halitusumbui sana, kwa sababu yeye alikuwa akipima namna watu walivyolikumbuka tukio. Lakini mwalimu anayetaka kutumia tablo zake mbele ya wanafunzi inamfaa kuweka kitabu pembeni.

Nne, kuna Mobutu. Mu picha za utawala wake, Tshibumba anakuwa mwangalifu, na pengine anasifu. Ilikuwa 1973 na 1974, wakati wa chama kimoja, na kila mtu alijua masikio yako wapi. Hata hivyo, picha za mwisho, zile za siku zijazo, hazina furaha. Moja inatokana na ndoto yake na ina jengo la mifupa. Aliyesifu ku picha ya 90 na kuota mifupa ku mwisho alitaka tusome vyote viwili.

Tablo zimeenda wapi?

Leo mfululizo wa picha 101 uko ku Amsterdam. Tablo nyingine zake na za wenzake ziko ku makumbusho ya Tervuren, zikiwemo zile zilizokusanywa na Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria aliyefundisha Lubumbashi kisha Kanada. Mwaka wa 2016 Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, pamoja na Bambi Ceuppens, walizionyesha tablo za watu wa Kongo ku Brussels. Ni vizuri kwamba zimehifadhiwa. Lakini kule zinaning'inia kimya. Mwenye kuangalia anasoma karatasi ndogo pembeni, na hakuna nkambo wa kuulizwa.

Na huku? Salo zenye tablo zimepungua. Mishahara ya Gécamines ilianguka, soko la wachoraji likafa pamoja nayo, na picha za karatasi na televisheni zikachukua ukuta. Kuna sababu nyingine ambayo ni ngumu kuitaja mu mji wetu, lakini tuitaje. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na stesheni ya Likasi ilijaa familia zilizolala chini zikingojea treni. Wengi walikuwa wamezaliwa huku, sawa Tshibumba. Mtu anayekimbia anabeba sufuria, godoro na watoto, na tablo ya ukutani si rahisi ipate nafasi. Mtoto wa watu hao hao njo aliyetuandikia Msiri, 1941 na Lumumba, akaviita historia yetu sote. Tukimkubali yeye kuwa wa kwetu, tunakubali pia jambo ambalo miaka ile ilikataa.

Ndiyo maana tunaomba mambo mawili kwa wenzetu wa chama hiki na kwa walimu. Kwanza, kila mwenye tablo ya zamani nyumbani, hata iliyopasuka, aipige picha na kumwomba muzee aieleze kwa sauti, kwa Kiswahili kama anavyosema, na sauti ile ihifadhiwe pamoja na picha. Pili, vijana wetu wanaochora bede wasome mazungumzo ya Tshibumba mbele ya kwenda kutafuta mfano ku Ulaya. Watakuta mu kinywa chake namna watu wa huku wanavyosema wakiogopa, wakicheka na wakikasirika. Maduara yao yatapata maneno ya kujaza.